Sahihi ya Mama Pacha

Mwanasoli mwenzangu,

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, king'ora cha saa kumi kikilia, Mama Pacha atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye ule msumari wa nyuma ya mlango wa maabara, na hatalivaa tena. Ni miaka thelathini na minne. Nilihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Kwenye laini ya kushona kuna watu ambao hawajafikisha umri huo, na mimi ninayeandika sijaufikisha.

Wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu na kalamu yangu vyote vina haraka. Leo nitajitahidi kwenda pole. Kuna jambo moja humu ndani ambalo halitaki haraka, na nikifika hapo utaona mwenyewe.

Aliingia kiwandani hapa akiwa na miaka ishirini na sita, chumba cha kukatia ngozi, kazi yake kuokota vipande vilivyoanguka chini ya meza na kuvipanga kwa ukubwa. Miaka minne ya kuinama. Halafu akawa mkaguzi mwisho wa laini, yule anayekunja kiatu mara tatu na kukinusa. Huku nyuma alikuwa anasoma masomo ya jioni ya ufundi wa maabara, na madaftari yake aliyafunika kwa ngozi mabaki, ndiyo maana mpaka leo hayajachanika. Mwaka wa tisa akapewa ufunguo wa maabara. Ufunguo huo hajawahi kuupoteza hata siku moja, na mimi ninaposema hivyo nacheka peke yangu, kwa sababu wa kwangu ni wa tatu.

Jina la Mama Pacha alikuja nalo kutoka nyumbani. Ana watoto wawili wa kiume waliozaliwa siku moja, sura moja, sauti moja. Siku moja dirisha la jirani lilivunjwa. Jirani akaja amemshika mmoja mkono, Mama akamchapa palepale mlangoni. Jioni ndipo akagundua kwamba aliyevunja dirisha alikuwa yule mwingine, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kwenye mkeka anakula kimya kimya. Kesho yake akashona kifungo chekundu kwenye mashati yote ya mmoja. Aliniambia tangu siku hiyo hamhukumu mtu aliyevaa nguo sawa na mwenzake mpaka awatenganishe kwanza. Pacha hao sasa ni watu wazima, mmoja fundi wa magari, mmoja mwoka mikate. Ijumaa watakuja wote. Ukisalimiwa na mtu kama mnajuana, we itikia tu, mengine mtayamaliza baadaye.

Kwa wale wa stoo na ofisini ambao hamjawahi kuingia maabara, ngoja niwaeleze kitu ambacho Mama Pacha alikiita chekeche, maana bila hicho hamtajua tunampoteza nani.

Soli ikibanduka, wa kushukiwa ni wengi. Gundi ilipakwa koti moja au mawili, yaani nyembamba au nene? Iliachwa dakika kumi au arobaini kabla ya soli kuunganishwa? Msasa uliokwangua soli ulikuwa laini au wa kukwaruza? Tanuri ya kuamshia gundi ilikuwa na joto kiasi gani? Presi ilibana kwa nguvu gani, na kwa sekunde ngapi? Dawa ya kukaza iliyochanganywa kwenye gundi ilikuwa kidogo au nyingi? Hao tayari ni saba. Yeye aliwaita swichi, kila mmoja na juu yake na chini yake. Ukitaka kujaribu kila mpangilio wa swichi saba, utafanya majaribio mia moja ishirini na nane. Viatu vya kuchana namna hiyo atakupa nani?

Zamani mhandisi aliyekuwepo alikuwa anageuza swichi moja moja. Anageuza ya gundi, anasubiri wiki, anairudisha, anageuza ya presi. Mvua inaanza, mvua inakwisha, soli bado zinabanduka. Mama Pacha akaja na kitu alichokichimba kwenye masomo yake ya jioni. Unageuza swichi nyingi kwa mpigo, lakini kwa mpangilio uliopimwa, ili kila swichi ikae juu nusu ya majaribio na chini nusu iliyobaki, kisha unalinganisha nusu na nusu. Majaribio machache yanabeba maswali mengi. Unga unapita chini, mawe yanabaki juu. Ndilo hilo chekeche.

Chekeche lake la kwanza kiwandani lilikuwa la soli zilizotoka na mapovu. Swichi kumi na moja, majaribio kumi na mawili, siku tano. Mawe mawili yakabaki juu: unyevu wa unga wa mpira, na muda wa kupasha kalibu ya kuumbia soli. Wakayarekebisha hayo mawili, mapovu yakaisha. Siku hizo meneja wa zamani alifungua mlango wa maabara akawakuta wapakizi wanachomoa karatasi zilizokunjwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mama Pacha hakupenda majaribio yafuatane kwa utaratibu, asubuhi ya baridi ipate haya na mchana wa joto upate yale, kwa hiyo zamu ya kila jaribio iliamuliwa na kopo. Meneja akadhani ni bahati nasibu, akauliza zawadi ni nini.

"Ni soli, mzee," Mama Pacha akamjibu. "Ukipata namba nne, unabandua wewe."

Kopo lile bado lipo. Limeshika kutu kwenye ukingo, na ndani kuna karatasi ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa.

Mimi nilikuja maabara kutokea kwenye upakizi. Hesabu nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, wakati wa chai, nimekaa juu ya maboksi. Mama Pacha alinikuta siku moja nachora jedwali la chekeche kwenye ubavu wa boksi kwa kalamu ya kuandikia anwani, akasimama, akaangalia, akasema, "Safu ya tano umeikosea, mwanangu." Wiki iliyofuata nikahamishiwa kwake. Hakuwahi kuniambia aliongea na nani.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba chekeche halichaguliwi kwa kupenda. Kuna maswali matatu. Swichi ngapi unazishuku? Majaribio mangapi unayamudu? Na la tatu, ambalo alikuwa analiuliza huku amekutazama juu ya miwani: nani ananong'onezana na nani? Maana kuna swichi ambazo kila moja peke yake ni mpole, haina neno, lakini zikikutana mbili zinafanya jambo. Chekeche dogo haliwezi kuona minong'ono. Linaisikia, halafu linambebesha lawama mtu mwingine ambaye alikuwa anapita tu. Ukishuku minong'ono, chukua chekeche kubwa, hata kama meneja amesimama mlangoni.

Sasa nimefika pale pasipotaka haraka.

Miaka minne iliyopita ililetwa gundi mpya, nzito kuliko ya zamani, na soli za viatu vya shule zikaanza kubanduka wiki ya pili tu baada ya kuvaliwa. Mnakumbuka. Stoo ilijaa mifuko iliyorudishwa hadi watu wakawa wanapita kwa ubavu. Ikasemekana sehemu nzima ya gundi itafungwa, watu kumi na tisa, na soli zitanunuliwa zikiwa zimeshaunganishwa kwingine. Meneja akataka jibu Jumatatu asubuhi.

Alhamisi yake Mama Pacha akaitwa kwa dada yake aliyekuwa amelazwa. Kabla ya kuondoka alinikabidhi karatasi aliyoichora kwa rula: swichi saba, majaribio kumi na sita. "Usipunguze," akasema. "Hapa kuna minong'ono, nainusa."

Nikapunguza. Sitasingizia uchache wa viatu wala muda, vyote vilikuwepo. Nilikuwa nimesoma usiku mzima kwamba swichi saba zinaingia kwenye majaribio manane barabara, hakuna hata safu moja inayobaki wazi, na nikaona ni uzuri ambao haujapata kutokea. Nilitaka arudi akute nimemaliza siku ya kwanza. Nikafanya manane. Jibu likatoka safi kama maji: jiwe ni moja, tanuri. Joto likiwa juu, soli inashika. Gundi haina neno, kusubiri hakuna neno.

Jumatatu Mama Pacha akaingia na mkoba wake bado begani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Meneja alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Ripoti haiendi popote bila sahihi ya fundi wa maabara. Akaichukua, akasoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza swali moja.

"Umetumia karatasi yangu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akaweka sahihi.

Joto la tanuri likapandishwa siku hiyo hiyo. Wiki kumi na moja zilizofuata soli ziliendelea kubanduka kama kawaida, na juu yake joto likaanza kukunja ngozi za ndani, kwa hiyo viatu vilivyokuwa na ugonjwa mmoja vikapata wa pili. Kikaitwa kikao. Mama Pacha alikuwa ameshaifungua droo yangu na kuiona karatasi ya majaribio manane kwa mwandiko wangu. Alikuja nayo kwenye kikao, imekunjwa ndani ya daftari lake la ngozi, na mimi nilikaa mkabala naye nikiitazama pembe yake iliyochomoza. Mwenyekiti akauliza nani ameamua majaribio yawe manane.

Alijibu, "Sahihi ni yangu."

Mtu mmoja akadakia kwamba ni kweli ni yake, lakini haikuwa sahihi. Wakacheka wawili watatu. Yeye hakucheka wala hakukunja uso. Daftari lilibaki limefungwa. Akapewa barua ya onyo, na nafasi ya mkuu wa maabara ambayo kila mtu alijua ni yake mwezi unaofuata, ikapewa mtu kutoka nje. Mkuu huyo ni mtu mwema na ninamheshimu, wala hakujua lolote kati ya haya mpaka juzi.

Tulitoka kikaoni tukatembea ule ukumbi mrefu wa mashine za kushona. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kutukanwa, chochote. Kufika maabara akavaa koti, akatandika karatasi yangu mezani, akailaza rula juu yake.

"Tazama hapa. Palipo na gundi nene na kusubiri sana, tanuri yako iko wapi?"

"Juu."

"Palipo na gundi nyembamba na kusubiri kidogo?"

"Juu."

"Na hao wawili wakipishana, mmoja juu mmoja chini?"

Nikazihesabu zote nne. Chini, chini, chini, chini. Mara nane bila kukosa hata moja. Tanuri ilikuwa imevaa nguo za wale wawili.

"Umemchapa asiyevunja dirisha," akasema.

Halafu akanifundisha kitu ambacho naamini ndicho kiliokoa watu kumi na tisa. Majaribio manane yale hakuyatupa. Aliyageuza ndani nje, kama shati kabla ya kulifua. Kila swichi iliyokuwa juu ikashuka, kila iliyokuwa chini ikapanda, manane mengine. Ukigeuza hivyo, swichi moja peke yake inabadili upande, lakini minong'ono ya wawili inabaki palepale, kwa sababu wote wawili wamegeuka pamoja. Hapo ndipo wanapotengana. Kopo la maziwa likatoka kabatini, tukachomoa zamu, tukapaka, tukabana, mashine ya kubandulia ikavuta. Jioni ya siku ya pili sifa zote za tanuri zilikuwa zimeyeyuka. Aliyebaki ni mnong'ono.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na jozi tatu za swichi ambazo bado zilikuwa zimevaa sare. Chekeche lilisema ni mmoja kati ya hao watatu na likaishia hapo. Mimi nikataka kurudi kwenye simu. Mama Pacha akanishika mkono wa koti akanipeleka sehemu ya gundi kwa yule fundi mnene tunayemwita Brashi, anayepaka tangu kabla ya mimi kuzaliwa.

"Kaka, gundi hii mpya ikipakwa nene unaiacha muda gani?"

Brashi hakuinua hata macho. "Kadi ya maelekezo inasema koti mawili, dakika kumi."

"Sijauliza kadi."

Hapo akaweka brashi chini. "Nene inataka kungoja, dada yangu. Juu inakauka, chini bado mbichi. Nyembamba nayo ukiichelewesha inakufa, haishiki kitu. Nilisema tangu gundi imeletwa." Akanigeukia. "Nyie watoto wa maabara mlikwenda kumuuliza tanuri?"

Majaribio manne ya kuhakikisha: nene na nyembamba, kungoja na kutongoja. Brashi alikuwa sawa kwa yote manne. Kadi ikabadilishwa, koti mawili, dakika arobaini, tanuri ikarudishwa ilipokuwa. Soli zikashika na zimeshika mpaka leo. Sehemu ya gundi ipo, watu wote kumi na tisa wapo, isipokuwa mmoja aliyeolewa akahamia mbali.

Adhabu yangu niliipata, msifikiri nilipita bure. Aliniandikisha kwa mkono mipangilio yote mia moja ishirini na nane ya swichi saba, juu chini, juu juu, kisha niweke alama nyekundu kwenye ile minane niliyoifanya. Wiki mbili za jioni. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani maabara, na wageni huwa wanadhani ni pambo. Ukisimama mbele yake unaona jinsi nukta nane zilivyo chache kwenye ukuta ule. Nilipomaliza nilimuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

"Wewe ungefukuzwa mchana ule ule," akasema. "Mimi nilipewa barua. Barua haibandui soli."

Na mwaka huo wote hakunikumbusha. Baadaye kidogo akanipa nichague chekeche peke yangu, la rangi ya ngozi, swichi tisa. Nilikaa siku nzima kwenye swali la tatu. Aliisaini ripoti yangu bila kuuliza kitu.

Sasa kwa nini nayaanika haya kwenye jarida la kumuaga. Nilipoanza kuandika, ofisi ya utumishi ilinipa faili lake ili nipate tarehe. Barua ya onyo imo. Na kanuni inasema mwenye barua ya onyo hapewi cheti cha utumishi uliotukuka. Angalia ratiba ya sherehe ya Ijumaa: dereva wa lori atapewa cheti, mpishi wa kantini atapewa, na wanastahili. Jina la Mama Pacha liko chini, kwenye mstari ulioandikwa "na wengine." Amefanya kazi miaka thelathini na minne, na mbele ya watoto wake atasimama na wengine.

Nilimpelekea rasimu ya wasifu huu. Akakata kurasa mbili nzima kwa rula yake. "Andika miaka, andika chekeche, andika kopo," akasema. "Basi." Nikamwambia nimesikia. Nimezirudisha. Ni mara ya pili sifuati ulichoniandikia, Mama, na unisamehe, ila safari hii ninasema mwenyewe kabla hujauliza.

Jumatatu nilimkabidhi mkuu wa maabara karatasi ile ya majaribio manane pamoja na barua yangu. Nimeomba onyo litolewe kwenye faili la Mama Pacha liwekwe kwenye langu, mahali lilipotakiwa kukaa tangu mwanzo, na matokeo yake yoyote niyabebe mimi. Alisoma, akavua miwani, akasema nisubiri. Jarida hili linakwenda kupigwa chapa na jibu bado halijaja. Mhariri wetu ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ninao.

Mama Pacha, kwa niaba ya maabara, ya Brashi na wenzake kumi na nane, na ya kila aliyewahi kuchomoa karatasi kwenye kopo lako, asante. Asante kwa macho yako juu ya miwani. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma, wajukuu wenye sura tofauti tofauti, na asubuhi ambazo hakuna mtu amesimama mlangoni anangoja sahihi yako. Ufunguo niachie mimi, nitaufunga kamba shingoni.

Na wewe mwanasoli mwenzangu, unayesoma jarida hili ubaoni huku chai inapoa, nina swali moja tu kwako. Asubuhi ile, meneja ameshika kitasa, mtu anayekuamini kuliko unavyojiamini amekushikia kalamu na kukuuliza, "Umetumia karatasi yangu?" Wewe ungejibu nini?